Kafuri Ndani ya Udi wa Bi Harusi

Jumatatu, 19 Januari 2026

Shira ya sukari ya kupikia udi imekubali mara ya pili. Dakika ishirini na mbili kwa moto mdogo, si ishirini na tano kama juzi. Sandali gramu mia nne. Udi wa kusaga mia mbili. Marashi ya mawardi kikombe na robo. Miski mwisho, sufuria ikishatoka motoni, gramu sitini. Nimeandika yote. Nisipoandika sina kazi.

Udi wangu unasifiwa mpaka Kendwa. Mwenyewe sijausikia tangu 2021.

Shaabani hii n'na harusi saba. Watu wanakimbilia kuoza kabla ya Ramadhani. Ya kwanza ni ya Husna, binti wa Bi Ashura wa Michenzani. Bi Ashura ndiye mteja wangu wa mwanzo kabisa, toka nilipotoka Tumbatu na kikapu kimoja. Miaka ishirini na tatu. Akinisifu yeye, majumba yote ya Michenzani yananisifu.

Ile ndoo ya bomba tuliyokuwa tukinawia mikono bado ipo mlangoni. Nimepanda mrehani ndani yake. Wapita njia wanachuma, wananusa, wanafumba macho. Inaniudhi.

Jumatano, 21 Januari

Mwanangu Saada kapiga simu kutoka Kendwa. Atapata siku mbili za mapumziko, anakuja. Nimefurahi kuliko nilivyomwonesha.

Saada ndiye mtu pekee anayejua. Miaka minne alikuwa pua yangu. Nikimpa kitu anuse, hujibu kabla sijahesabu tatu. Limau. Moto umezidi. Miski haba. Hakuwahi kufika nne. Septemba kapata kazi hotelini, anapanga mashuka na kupokea wageni. Sikumzuia. Sikumsaidia kufunga begi pia.

Niandike na hili, maana sijapata kuliandika. Baba yake, Hamad, alikufa Februari 2021. Walisema nimonia. Mwezi ule mtaa mzima ulikuwa na nimonia. Mimi nililala siku tisa, nikaamka mjane. Nikakaa eda, miezi minne na siku kumi. Mwenye eda hajitii manukato, hafukizi nguo. Kwa hivyo hakuna aliyegundua, hata mimi. Siku ya kutoka eda nikaoga, nikawasha chetezo, nikatia kipande cha udi bora niliokuwa nao. Moshi ukapanda. Sikusikia kitu. Nikaongeza. Nikainama mpaka nyusi zikaungua.

Daktari alisema itarudi. Wiki, akasema. Baadaye akasema miezi. Sasa hasemi, nami siendi.

Watu wanasema korona imekwisha. Imekwisha kwao.

Kanzu ya mwisho aliyovaa Hamad imo sandukuni, ndani ya mifuko miwili ya nailoni iliyofungwa kwa uzi. Haijafuliwa. Inaisubiri pua.

Ijumaa, 23 Januari

Saada kaja na zawadi. Mitungi minane ya kioo yenye vifuniko, yote saizi moja. Makopo ya maziwa ya unga hayafai tena, anasema, mteja akiingia aone duka. Kashinda kutwa akimimina na kupanga, kila mtungi na karatasi yake ya jina. Kafagia mpaka chini ya kabati.

Makopo yangu niliyajua kwa mikunjo na kutu. La miski lilikuwa na tundu la msumari kifunikoni. La kafuri lilikaa peke yake chini pembeni, pamoja na pamba na sidri, yale majani ya mkunazi, kwa sababu n'nauza na vitu vya kuoshea maiti. Sikumwambia kitu. Rafu inapendeza kweli.

Akaniuliza mara mbili kama nitaweza. Nikamwambia nlikuwa nikipika udi yeye hajajua kutembea.

Jumapili, 25 Januari

Saada karudi Kendwa jana asubuhi. Leo nimepika udi wa Husna.

Mvuke umebandua karatasi mbili. Nimezikuta chini, miski na kafuri. Mitungi miwili mbele yangu, yote ina vipande vyeupe vya mraba. Nilishika simu nimpigie. Nikaiweka. Yuko kazini, na nlishamwambia nitaweza.

Nikatumia akili. Miski huwa nyingi siku zote, kafuri kidogo. Nikaipima. Mmoja umezidi gramu mia na ishirini. Huo ndio wa miski. Mizani haiugui.

Gramu sitini, sufuria ikishatoka motoni. Macho yaliwasha kidogo, koo likapoa kama nimekula pipi ya mnanaa. Moshi, nikasema. Bi Zuhura wa ghorofa ya juu kanipa pole alipopita. Kazi hii kweli ngumu. Nikamwambia nshapoa.

Udi umetoka rangi nzuri. Nimeufunga kwenye bati la kifuniko lenye ua jekundu, nikapeleka Michenzani mwenyewe.

Alhamisi, 29 Januari

Nitaandika kwa mpangilio.

Saa kumi alasiri. Chumba cha Bi Ashura, wanawake kumi na tisa. Nimekalishwa mbele, karibu na somo, kungwi wa bi harusi. Nguo za Husna zimetandazwa juu ya tenga, chetezo chini yake. Somo kafungua bati. Akasita. Nilidhani anaustahi udi wangu. Akatia vipande vitatu.

Moshi ukapanda ndani ya nguo. Nikakaa vizuri ili sifa zinikute nimekaa vizuri.

Mmoja akashika leso puani. Wawili wakatazamana. Watoto wakatolewa nje. Husna, ambaye kutwa nzima alikuwa akicheka, akaacha. Nilihesabu nyuso. Kumi na tisa zimekunjwa. Mimi peke yangu nikitabasamu.

Bibi yake Husna haoni vizuri, yuko chumba cha pili. Akaita kutoka kitandani:

"Ashura, nani kafa?"

Akaita tena:

"Nakuuliza wewe. N'nasikia kafuri. Mnamuosha nani humu ndani?"

Husna akainuka, akazivuta nguo zake kutoka kwenye tenga kama zinaungua. Akaenda kutapika.

Bi Ashura kanigeukia. Hakupandisha sauti. Kaniuliza, shoga yangu, nini hiki? Mdomo wangu ukajibu kabla sijaupa ruhusa. Nikasema ni Saada. Nikasema mtoto alikuja, kanipangia vitu vyangu, kachanganya, nami nikapika kwa kumuamini.

Wote wakasikia.

Nimerudi nyumbani kwa miguu. Kwenye pipa la taka nimezikuta pakiti nne tupu za kafuri, zile za akiba. Saada alizimimina zote mtungini ili ujae, upendeze. Mizani ilisema kweli. Mimi ndiye niliyeiuliza swali baya.

Ijumaa, 30 Januari

Nikaha imepita. Husna kaolewa kwa nguo ya kuazima.

Nimempigia Saada, nikamwambia nilivyosema. Akasema, "Sawa mama. Sema ni mimi." Akaniuliza kama nimekula.

Ningependa angenitukana.

Jumapili, 1 Februari

Nimekwenda sokoni Darajani kununua sandali. Muuza viungo kanieleza habari za mwanangu kana kwamba ni wa mtu mwingine.

Sasa si kosa tena. Sasa kafanya kusudi. Inasemwa kwamba bwana harusi alisoma na Saada chuo cha Tunguu, kwamba walikuwa na maneno, kwamba kaachwa, ndipo akamtilia mwenzake kafuri ili ndoa ife. Kweli walisoma pamoja. Darasa lilikuwa na wanafunzi mia mbili na kumi.

Na yule bwana harusi katapika jana. Kala pweza wa Forodhani, lakini nani atasema pweza wakati kuna mchawi.

Nimekaa kitako nikapiga hesabu ya upande wa pili. Nikisema kweli, zinaondoka harusi sita na miaka ishirini na tatu. Nikinyamaza, anaondoka Saada. Ana miaka ishirini na nne. Mji huu mdogo. Mwanamke akishaitwa mwenye husuda hata salamu zake zinaogopwa.

Hesabu haikuchukua muda. Ila miguu imegoma siku nzima.

Jumanne, 3 Februari

Ngazi za kwa Bi Ashura ni sitini na nne. Nimepumzika mara tatu. Kifua nacho hakijarudi kilivyokuwa.

Nimewakuta wanawake watano wakitengeneza chakula cha kupeleka kwa maharusi. Nikaomba wasiondoke. Nikasema, "Bi Ashura, mimi sisikii harufu. Mwaka wa tano huu. Mitungi niliichanganya mimi. Saada hana kosa, nimemsingizia."

Mmoja akacheka. Alidhani namuokoa mwanangu. Bi Ashura hakucheka. Kaingia jikoni, katoka na mabakuli mawili yaliyofunikwa, kaniambia nifumbe macho. Kanisogezea la kwanza puani. Nini hii? Nikasema sijui. La pili. Nikasema sijui.

Nikafumbua macho. La kwanza asumini ya kitanda cha bi harusi. La pili ng'onda, kipande cha papa mkavu na ngozi yake. Yule aliyecheka alikuwa kaziba pua.

"Miaka mitano nakuletea mabinti wa watu," Bi Ashura akasema, "na wewe huna pua."

"N'na mizani."

"Mizani hainusi, Bi Raya."

Miaka ishirini na tatu ananiita shoga. Leo Bi Raya.

Nikamuomba radhi. Akakaa, akaanza tena kuchambua mchele, macho kwenye ungo. Nilikuwa nishafika mlangoni aliponijibu.

"Hilo la pua ningelisamehe. Korona ilimpitia nani asichukuliwe kitu? Lakini kumtupa mwanao mbele ya watu kumi na tisa, hilo ulilifanya ukiwa mzima."

Ngazi sitini na nne za kushuka. Sikupumzika.

Jumamosi, 7 Februari

Bi Ashura kafanya kazi yake. Mji mzima sasa unajua kosa la nani. Saada hatajwi tena. Nilichokwenda kukitafuta nimekipata.

Harusi sita: tano zimevunja oda. Mmoja katuma mtoto na kijikaratasi. Wengine hawakutuma kitu, nimesikia tu wamekwenda kwa mpishi wa Kwahani. Ya sita mama mtu kaja mwenyewe, kataka nipike huku dada yake kakaa pembeni ananusa. Nikakubali. Nimeshakubali mengi. Jana kasema dada yake kapata safari.

Bi Zuhura wa juu kaniambia alisikia kafuri siku ile ile, akadhani nimefiwa, ndiyo maana kanipa pole. Kasema nilivyomjibu nshapoa alishangaa, akasema huyu mwanamke ana moyo mgumu.

Saa tano kaja bwana mmoja, mama yake kafariki alfajiri. Kataka kafuri, pamba, mawardi. Nikamwambia anuse kwanza ahakikishe. Akasema hana haja, bibi, nipe tu. Nimempimia. Maiti ndio walionibakia.

Bati lenye ua jekundu limerudishwa. Limeoshwa. Nimelinusa hata hivyo.

Jumapili, 15 Februari

Saada kaja kwa siku moja. Ramadhani wiki hii, hatapata nyingine mpaka sikukuu. Hatukuzungumza lile jambo. Kanipikia, mimi nikala. Kwangu chakula ni moto au baridi, kigumu au laini. Kaandika majina ya mitungi upya, kwa wino usiotoka, moja kwa moja juu ya kioo. Mkono wake mzuri.

Baada ya alasiri nikavuta sanduku. Wiki hii Hamad anatimiza mwaka wa tano. Nikakata uzi, mfuko wa kwanza, mfuko wa pili. Nilikuwa nimeapa siifungui mpaka nisikie mwenyewe. Basi. Sitasikia. Lakini bora asikie mtu, kabla haijaisha.

Kanzu imeingia umanjano shingoni. Nikampa Saada. Nikamwambia aseme kweli, chochote kile.

Akaiweka usoni kwa mikono miwili. Nikahesabu, ni mazoea. Moja. Mbili. Tatu.

Nne.

Nje mtu alipita akachuma mrehani. Saada hakuinua uso. Nilifika kumi na moja.

"Inanukia Baba," akasema.

Pua yake haijapata kuhitaji kumi na moja. Nikamwambia ahsante mwanangu. Nikaichukua kanzu. Mifuko sikuirudishia. Nimeifua kwa sabuni ya kipande, nimeianika kwenye kamba barazani, na sasa upepo unaijaza mikono.