Unyayo wa Kulia

Kitangari, Newala
Jumatano, baada ya kazi

Kwa Dada Mwanahawa,

Shikamoo, dada. Naomba barua hii ikukute mzima, wewe, Shemeji na watoto, na Mama awe ameketi wakati unaisoma. Mimi mwili wangu hauna tatizo. Usingizi tu ndio umepungua.

Najua ujumbe wangu wa Jumatatu ulikushangaza. Nilikuandikia kwamba Mama asitembee na kwamba nitaeleza baadaye, ukanijibu, "Kwani amekuwa yai?" Nilicheka, kisha nikakumbuka ulivyoniambia wiki iliyopita, kwa kupita tu, kati ya habari za mbuzi na habari za harusi, kwamba ndala ya Mama ya mguu wa kulia haimwingii tena, na kwamba mguu umevimba bila kidonda wala kujikwaa. Ulisema Shangazi anamkanda kwa maji ya moto na chumvi na kumhimiza atembeetembee ili uvimbe ushuke.

Mambo haya siwezi kuyasema kwa simu. Mama akisikia sauti yangu ataichukua simu mkononi mwako, na nikimwambia asisimame, atasimama palepale kunionyesha kwamba anaweza. Ndiyo maana nimempa barua mwenzangu wa ofisini anayekuja Dodoma, naye ameahidi kuipakia kwenye basi la Kondoa. Ndani ya bahasha utakuta karatasi mbili nyingine. Usizifungue kwanza. Soma hadi mwisho.

Unakumbuka nilikwambia nimepanga chumba kwa mjane mmoja, Mama Fikiri. Umri wake na wa Mama ni sawasawa, na sukari anayo miaka mingi kama Mama. Anakunywa dawa zake, anakwenda kliniki akikumbuka, na analima mikorosho yake mwenyewe upande wa Chilangala. Watu wa hapa maji wanayapata kwa shida, kwa hiyo ni mtembeaji hasa. Wakati mwingine nilikuwa naona aibu, mimi kijana nimekaa na kalamu, yeye anapandisha mteremko na ndoo kichwani.

Ana desturi moja ambayo nimeikuta kwake na kwa majirani zake. Jioni, kabla ya magharibi, anaufagia ua wote akirudi kinyumenyume hadi mlangoni, asiache alama hata ya mguu wake mwenyewe. Asubuhi anatoka na kuusoma. Kuku wa nani, mbuzi wa nani, nani alipita kuomba moto. Siku zangu za kwanza aliniambia, "Karani, jana ulirudi umebeba kitu kizito mkono wa kushoto." Ilikuwa kweli, nilibeba dumu. Tangu siku hiyo nikawa nakanyaga kwa adabu.

Ilikuwa majira ya kupulizia mikorosho salfa, ile dawa ya unga ya kuzuia ugonjwa wa maua. Alfajiri, umande ukiwa bado juu ya majani, utasikia mashine zinanguruma mashambani, halafu ukungu unaingia uani ukiwa na rangi ya manjano na harufu ya kiberiti. Vumbi lile linatua juu ya mchanga uliofagiwa, na alama yoyote inaonekana kama imepigwa muhuri.

Wakati huo mguu wa kulia wa Mama Fikiri ulikuwa umeanza kuvimba. Hakuanguka wala hakuchomwa na kitu. Ulikuwa mwekundu kwa mbali, unang'aa, na ukiusogezea mkono unahisi joto kama la pasi iliyotoka kuzimwa. Nilimuuliza kama unauma. Akasema una maumivu ya kuudhi tu, si ya kumlaza mtu, na ungekuwa umevunjika angepiga kelele wakamsikia Newala mjini. Akaendelea kwenda shamba. Ndala ilipokataa kuingia akaziacha zote mbili, akawa anatembea peku.

Asubuhi moja nilitoka kwenda ofisini nikamkuta amesimama uani na ufagio, hafagii. Mbele yake kulikuwa na nyayo zinazotoka mlangoni hadi bafuni na kurudi. Dada, nitakueleza nilivyoziona. Za mguu wa kushoto zilikuwa zake, hata mimi nilizijua, nyembamba, zimejikata vizuri katikati, pale mguu usipogusa chini. Za kulia hazikuwa za mtu ninayemjua. Zilikuwa pana, hazina pale mahali unyayo unapojikata, na katikati zimechimbika kwenda chini kuliko kisigino, kama mtu aliyekanyaga kwa tumbo la mguu. Kushoto Mama Fikiri, kulia mgeni. Kushoto Mama Fikiri, kulia mgeni. Ilikuwa kama watu wawili wamekubaliana kila mmoja atoe mguu mmoja.

Nikamwambia labda ni yeye alipotoka kutawadha. Akanitazama kwa huruma. "Mwanangu, huu mguu nimeutembelea tangu sijaota meno. Huyo siye mimi."

Jirani yake, Bi Somoe, alikuja, akainama kuzitazama. Kisha akaeleza kwa sauti ya chini kwamba kuna mtu anazoa mchanga kwenye unyayo wa kulia wa Mama Fikiri na kuweka wake mahali pake, na ndiyo maana mguu unavimba. Akashauri Mama Fikiri asiache unyayo wake wa kulia popote. Aufute yeye kabla hajafutiwa.

Basi ikawa hivyo. Kila alipokwenda alirudi nyuma kufuta. Njia ya hatua ishirini akawa anaitembea mara tatu. Kisimani, shambani, kwa majirani, anakwenda na kijifagio cha chelewa. Na kadiri alivyofuta ndivyo yule mgeni alivyozidi kuonekana, kila asubuhi amechimba zaidi katikati.

Nitakuambia na langu, kwa kuwa ndilo linalonikosesha usingizi. Nilikuwa nasikia sauti. Usiku, Mama Fikiri akipita ukumbini, sakafu ikiwa safi kabisa, nilisikia kitu kinasagika kama mtu anayekanyaga maganda ya korosho. Mara ya kwanza nilichukua ufagio nikafagia. Hapakuwa na ganda hata moja. Akapita tena, nikasikia tena. Sikumuuliza. Niliogopa, dada. Niliogopa kwamba nikiuliza nitajibiwa. Nikafunga mlango wangu, nikanyamaza hivyo wiki tatu nzima, mimi niliyesoma.

Kilichonizindua ni kazi. Siku moja alikuja mzee kutoka Makote akikana fomu yake ya uandikishaji, anasema dole gumba lililowekwa pale si lake. Kazi yangu ni kulinganisha. Nikaweka fomu ya zamani na mpya pamoja, nikamwonyesha kovu dogo linalokata mistari, lipo huku na lipo kule. Mzee akacheka, akakumbuka kwamba kweli aliweka mwenyewe msibani, akiwa amechanganyikiwa. Akaenda zake. Mimi nikabaki nimekaa. Nilikuwa nimelinganisha dole la mtu nisiyemjua, na nyumbani kwangu sijalinganisha kitu.

Pale mlangoni kwa Mama Fikiri pana ngazi ya saruji. Marehemu mumewe alipoijenga, Mama Fikiri aliikanyaga ikiwa mbichi, kwa mguu wa kulia, na mume akakataa kuiziba. Alama ipo hadi leo. Nilirudi na karatasi na rula. Nikafunika karatasi juu ya ile alama ya saruji, nikaipitisha penseli. Kisha nikaenda uani kwenye unyayo mmoja wa yule mgeni ambao haukuwa umefutwa, nikauchora nao. Mama Fikiri alikuwa ameketi anapepeta, akanichokoza. "Karani, leo unaandikisha hadi mchanga?"

Nikaziweka karatasi mbili magotini mwake. Urefu ulikuwa mmoja. Kidole cha pili kimepanda juu ya kidole gumba, huku na kule. Kidole cha mwisho kimepinda ndani, huku na kule.

"Vidole ni vyako, Mama," nikamwambia. "Kilichobadilika ni katikati."

Alizitazama zote mbili. Kisha akanyanyuka, akaenda kwenye ngazi, akauweka mguu wake ndani ya ile alama ya saruji, taratibu, kama mtu anayeingiza mguu kwenye kiatu cha ujana wake. Vidole viliingia mahali pake. Kisigino kiliingia. Katikati ikakaa juu ya saruji kama jiwe, mguu ukayumba mbele na nyuma. Na nikaisikia ile sauti ya maganda, safari hii mchana, sote wawili tukiwa kimya.

Akaniuliza, "Sasa huyo niliyekuwa namfuta ni nani?"

Nilimshika mkono, nikamketisha. Alijua.

Tulimpeleka hospitali Masasi kesho yake, kaka yake na mimi, kwa gari ya kukodi, amenyoosha mguu kwenye kiti cha nyuma. Daktari aliuinua mguu juu ya mto kwa dakika kadhaa, wekundu ukapungua, akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyekutana na anayemjua. Akapima joto la miguu yote miwili, akapiga picha. Kwenye picha mifupa ya katikati ya mguu haikupangana tena. Ilikuwa vipandevipande, kama biskuti iliyokaa chini ya mfuko. Mtu alikuwa anatembea juu ya hiyo na anapanda mteremko na ndoo.

Alitueleza kwa Kiswahili cha kawaida, nami nimejitahidi kukumbuka kila neno kwa ajili yako. Sukari ikikaa mwilini miaka mingi huziua taratibu neva za miguu, kwa hiyo mguu hausemi ukweli wote. Mifupa inalegea, inavunjika kidogokidogo kwa ndani, na kwa kuwa maumivu ni madogo mwenyewe anaendelea kuisaga, na hiyo ndiyo sauti ya maganda niliyokuwa naisikia. Kwa nini inaanza kwenye mguu huu na si ule, na kwa nini siku hiyo, alisema hata wao mara nyingi hawajui. Nilitamani aseme anajua. Alisema mwanzoni kabisa huwa ni uvimbe na joto tu, mguu bado una umbo lake, na hata picha inaweza isionyeshe kitu. Wakati huo ndio wa kuuwahi. Ukifungwa plasta ngumu na mtu asiukanyage kwa miezi, mifupa hushikana ikiwa mahali pake.

Kisha akauliza mguu una muda gani tangu uvimbe. Kaka yake akanitazama mimi, mimi ndiye mwenye tarehe. Nikasema wiki sita. Daktari hakutukaripia. Aliandika tu, akasema kilichoanguka hakitapanda, ila tuzuie kisianguke zaidi, maana mguu wa namna ile ukichubuka chini unaweza kuoza na kukatwa.

Sasa amefungwa plasta hadi chini ya goti na anatembea kwa magongo, hatua chache tu, hadi bafuni. Majirani wanamletea maji kwa zamu, na Bi Somoe hakosi zamu yake. Jana Mama Fikiri aliniambia mchawi akija sasa atarudi bure, atakuta mguu umejengewa nyumba. Nilicheka naye. Ua ninaufagia mimi, jioni, kinyumenyume.

Sasa sikiliza kwa nini nakuandikia kwa haraka hivi. Ile picha ya mwanao Nasra na gauni lake la sikukuu uliyonitumia, niliifungua tena Jumapili. Nyuma yake ni ua wetu, umefagiwa, na kuna nyayo zinazotoka mlangoni kwa Mama kwenda jikoni. Niliikuza hadi ikawa vidotovidoto. Za kushoto zimejikata katikati. Za kulia sizioni vizuri. Unyayo wa nne kutoka mlangoni ndio unaonitisha. Labda ni kivuli cha Nasra. Labda ni macho yangu, ambayo siku hizi hayaangalii kitu kingine ila nyayo.

Fanya hivi, dada. Mama akiwa ameketi, weka mgongo wa mkono wako juu ya mguu mmoja, kisha wa pili. Ule uliovimba ukiwa wa moto kuliko mwenzake, usingoje jibu langu. Mpelekeni hospitali, waambie ana sukari na mguu umevimba bila kuumia, na uombe waangalie mifupa, wasiangalie ngozi tu. Afike akiwa amebebwa. Akikataa kubebwa, mwambie Baba Mdogo aje na gari lake la kubebea nafaka za mashine ya kusaga, na mseme mnakwenda kumwona mgonjwa. Mungu atatusamehe.

Nisalimie Shemeji na umshukuru kwa uvumilivu. Nisalimie Baba Mdogo. Mwambie Shangazi, kwa upole, kwamba mikono yake nimeikumbuka lakini asimkande Mama tena, maji ya moto kwenye mguu usiosikia yanaunguza. Kwa Nasra kuna korosho kwenye mfuko unaokuja na barua, zimebanguliwa na Mama Fikiri mwenyewe, amesema sasa ana muda. Na Mama mpe shikamoo yangu akiwa ameketi.

Ni mimi mdogo wako,
Idi

Sasa fungua zile karatasi. Ya kwanza ni nakala ya unyayo wa Mama Fikiri, ule wa uani. Mwonyeshe daktari. Ya pili ni tupu. Mpake Mama mafuta kidogo kwenye unyayo wa kulia akiwa kitini, uibandike karatasi chini ya mguu kwa mkono wako, asisimame juu yake, kisha itazame kwenye mwanga. Kukiwa na sehemu kavu katikati, mguu bado una umbo lake, nadhani tumewahi, na mtabeba mgonjwa anayewatukana njia nzima. Isipokuwepo, usinipigie mbele yake.