Wali Usiopaliwa

Jumapili, Mji Mkongwe

Eti wali haujaiva! Mama katoka Ifakara mpaka huku, nimempikia kwenye mgahawa wetu wa Kiitaliano, amekaa katikati ya watalii, na neno lake la kwanza ndilo hilo.

"Una kiini, tena una majimaji. Rudisha jikoni ukapaliwe makaa."

Nikamweleza kuwa Waitaliano ndivyo wanavyoupenda. Akanitazama kama mgonjwa. Nilikasirika, lakini zaidi niliogopa. Siku zote anataka niache kazi hii nirudi shambani kwetu Lipangalala, hapo Ifakara, kulima mpunga.

Ila sahani aliimaliza, na kijiko akalamba.

"Mkono wako hauna kosa," akasema. "Mchele wao ndio mbaya. Tukivuna nitakuletea wa kwetu, gunia zima."

Gunia zima! Basi haniiti tena nyumbani.