Mlango Unaofunguka kwa Karamu

Nyumba ya pili baada ya posta,
Ghorofa ya tatu.
Jumapili, tarehe 9 Machi

Mpendwa mdogo wangu,

Natumaini barua hii itakukuta umekaa, umeshakula na huna haraka. Sisi hatujambo. Goti langu la kushoto linalalamika kwenye ngazi, lakini linanifikisha. Kifua chako je? Na wifi yangu, ameshazoea kazi ya zamu, au bado anasinzia mezani?

Ofisini hakuna jipya. Kiyoyozi kinavuja juu ya meza ya habari za michezo, na mhariri anataka habari iwe imefika saa kumi jioni hata kama tukio lenyewe ni la saa kumi na moja. Wenzangu wananiita Bibi Nani-Kasema, kwa sababu ndilo swali langu la kwanza kwa kila anayeniletea habari.

Leo nakuuliza wewe. Mwaka wa tano huu unatuambia kwamba unatengeneza programu za hospitali, za kupanga miadi ya wagonjwa. Sina ushahidi wa kukupinga. Nina shaka tu, na nitakueleza ilikotoka.

Mpwa wako, kitinda mimba wangu, amepata mchezo wa kompyuta uitwao Kengele ya Tatu. Mtoto anarudi peke yake kwenye shule iliyofungwa. Madawati yanajisogeza, vicheko vinatoka ndani ya kuta, na kila chumba kina fumbo la kufumbua kabla ya kupita. Nyuma yake kuna kitu kisicho na uso kinachomfuata; hukioni, unasikia tu tik-tik, tik-tik kama saa ya ukutani. Ni hadithi ya mtoto aliyeonewa na wenzake. Mtengenezaji hakutaja jina lake, na hilo peke yake lilinifanya nivae miwani.

Jumamosi ya tarehe 1 mchana binti alikwama kwenye mlango wa stoo. Ubaoni palikuwa na picha ya kalamu, na sauti ya mwalimu inauliza unaomba nini. Aliandika kalamu mara tano, na kila mara kuta zikamcheka.

"Mama, huu mchezo haujui Kiswahili," akasema.

"Andika karamu."

"Karamu ni ya harusi, Mama."

"Andika tu."

Mlango ukafunguka. Aligeuka akanitazama kama askari wa zamu. "Umejuaje?"

Nikamwambia nimebahatisha. Nadhani hakuniamini, na mimi katika nafasi yake nisingejiamini.

Ulikuwa darasa la tatu, ulimi wako haujaamua kati ya r na l. Tulikuwa mezani tukifanya kazi za shule, ukasema, "Dada, naomba karamu." Nilicheka hadi nikashika mbavu. Kesho yake shule nzima ilikuwa inakuita Bwana Karamu, na walikuita hivyo miaka minne. Walikuwekea maganda ya ndizi kwenye dawati wakisema chakula tayari. Ukaacha kunyoosha mkono darasani. Mama alidhani huna akili ya shule.

Niliketi karibu na binti nikatazama vyumba vilivyobaki. Cha mwisho kina meza, viti vitatu, na taa ya chemni ambayo kioo chake kilipasuka kikazibwa kwa plasta ya kidonda. Plasta ile aliibandika Baba. Waliokuwa mezani penye taa ile siku ya karamu ni watu watatu: wewe, mimi, na rafiki yako mtoto wa fundi saa. Ndipo nikakumbuka kwamba Novemba uliniandikia, ghafla tu, ukauliza kama fundi saa bado yupo mtaa ule. Sikushtuka wakati huo. Nazeeka.

Kwenye viti hivyo wameketi vivuli vitatu, na mchezo unauliza: nani alilitoa neno nje ya nyumba? Binti akachagua mvulana mwenye saa mfukoni. Taa za shule zikawaka, vicheko vikanyamaza, mchezo ukaisha.

Nikamwambia arudie, safari hii achague msichana. Maandishi yakatokea: "Huyu ni dada yangu. Jaribu tena."

Mdogo wangu, mtu wa kazi yangu hapiti sentensi kama hiyo bila kuigeuza chini juu. Ni imani au ni mtego? Nimeilalia wiki nzima na bado sijui.

Jana nilikwenda kwa fundi saa. Mzee mwenyewe alishafariki. Sasa mwanawe, yule rafiki yako, ndiye anayekaa dirishani na kioo jichoni. Akaniona nimesimama mikono mitupu.

"Dada mwandishi, umeleta saa au umeleta maswali?"

"Maswali."

"Basi kaa. Saa ningekutoza."

Nilimuuliza kuhusu wewe. Aliweka bisibisi chini. "Alikuwa rafiki yangu wa dawati moja. Asubuhi moja akahama, akaenda kukaa na watoro kule nyuma. Nilimfuata wiki mbili nikimuuliza nimekosa nini. Akanitemea mate kwenye kiatu." Alicheka kidogo, halafu akaacha. Anaye binti wa darasa la pili. Wenzake wameucheza mchezo, na katika shule ile mtoto wa fundi saa ni mmoja tu. Wanamwita Tik-tik. Wanamfuata kwenye korido wakigonga ulimi. Tangu Jumatatu amegoma kwenda shule, na baba yake hajui mchezo huo umetoka kwa nani. Sikumwambia. Kwanza ilinipasa nikwambie wewe.

Unalikumbuka gazeti la ukutani, lile lililobandikwa nje ya ofisi ya mwalimu mkuu? Darasa la sita ndio tuliokuwa tunaliandika. Wiki ile nilikosa habari ya kujazia safu ya chini, nikaandika: "Mwanafunzi aomba karamu nyumbani, apewa daftari." Sikutaja jina lako. Niliandika tu kwamba ni ndugu wa mwandishi. Ndiyo habari yangu ya kwanza kusomwa na watu. Walijaa pale mpaka kengele ikalia, na nilisimama nyuma yao nikiona raha.

Jioni ulikuja unalia, ukaniuliza, "Dada, nani kawaambia?" Nilisema ni mtoto wa fundi saa. Ulikuwa hujaweza kusoma gazeti lile vizuri, na mimi nililijua hilo. Uliniamini papo hapo. Hukuuliza mara ya pili.

Inawezekana umejua siku nyingi, na ile sentensi ya "Huyu ni dada yangu" uliiweka ili niikute. Kama ni hivyo, umenifunga vizuri na sina malalamiko. Inawezekana pia hukujua, na kwa kuniamini tu ukanikinga miaka yote hii. Hilo linanisumbua zaidi.

Kazini kwetu sahihisho huwekwa ukurasa ule ule palipokosewa, kwa herufi zinazosomeka, na lililokosewa hutajwa kwa jina. Barua hii peke yake haitoshi. Tafadhali ufungue mchezo wako ubadilishe jibu. Mvulana aachiwe. Anayechagua msichana ndiye awashiwe taa. Mimi kesho Jumatatu asubuhi, nikishamweleza fundi saa kila kitu, nitakuwa nje ya lango la shule pamoja naye na binti yake, na nitawaeleza wale watoto mwenyewe, kabla ya kengele.

Msalimie sana wifi yangu, na wale mapacha waambie shangazi yao anawasubiri likizo. Mpwa wako, ambaye ameshabaini mwenyewe, anakusalimu. Anasema Mjomba ni fundi lakini anatisha. Mungu akulinde huko uliko, akupe usingizi mzuri na watu wa kweli wa kukaa nao dawati moja.

Wako akupendaye, hata ukichelewa kujibu,

Dada yako