Jirani wa upande wa mashariki

Jumanne usiku, Bunju.

Wapimaji wamekiruka kiwanja changu. Pande tatu zilikwenda vizuri, majirani wakasaini. Upande wa mashariki, kwa marehemu Saidi, tukakwama.

"Mzee, jirani wa huku nani?"

Nikawaonyesha ua wa minyaa tulioupanda mpakani mimi na Saidi, nikaanza kueleza ilivyokuwa. Kijana mpimaji akanisikiliza kwa adabu. "Nakuamini, mzee wangu. Ila mpaka husainiwa na wawili."

Ana haki. Bila hivyo kila mtu angejimegea kwa mwenzake.

Nikamwita Mama Zuhura, anayekaa nyumba ya Saidi. "Babu, mie mpangaji tu. Nikisaini, mwenye nyumba si atanitimua?" Mwenye nyumba ni mtoto wa Saidi, na hapokei simu zangu. Watu wanasema anatafuta mnunuzi. Akija mgeni akasema mpaka unapita kwenye ukuta wa jiko langu, nitamjibu kwa hati ipi?

Nimewaza jioni nzima ni nani mwingine anayeujua mpaka huu. Mke wangu alikuwepo siku ile tulipopanda minyaa. Mjumbe wa zamani alikuwepo. Wote nimewazika. Saidi nilipomzika, nililia kwa kukosa mtu wa kunywa naye kahawa. Sikuwaza kiwanja hata kidogo.