Jirani Hataki Kuvuka Mpaka Bila Ruhusa ya Mahakama

Bi Zeyana mpendwa, shikamoo. Mimi ni mjane wa huku Ulyankulu, naomba unielekeze, maana mwanangu Ange anasema nikiiandikia mahakama barua moja zaidi watakuja kunichukua.

Marehemu mume wangu Viktori na jirani yetu Prosperi waligombea ukanda wa migomba ulio kati ya nyumba zetu kwa miaka mingi, kuanzia baraza la kata hadi mahakama ya rufani ilipokuja kuketi Tabora mjini, na siku za kesi walipanda basi moja, Prosperi akimwekea Viktori kiti cha dirishani kwa sababu alikuwa akichefuka, na Viktori akivua viatu Prosperi ndiye aliyevilinda, wakifika mahakamani wanaitana waongo, jioni wanarudi wakila mihogo ya kuchoma kwenye karatasi moja. Mwishowe Viktori akashinda. Hukumu ikasema Prosperi asikanyage eneo lote la Viktori, ukanda hadi uwanja wa nyumba, bila idhini ya mwenye eneo. Viktori alifurahi, lakini akawa hana wa kubishana naye, akaanza kubishana na redio, na masika hayajaisha akafariki.

Siku ya maziko Prosperi alisimama upande wake wa mpaka akaimba nyimbo zote kuishinda kwaya. Nilipomwita akasema, "Mama Ange, mwenye eneo ndiye huyo mnayemzika. Nani aniruhusu? Nisije nikafungwa."

Sasa Jumamosi ijayo tunaondoa matanga, na kwetu mtu aliyekuwa na kesi na marehemu lazima anywe pombe ya mtama pamoja na mjane, kila mmoja na mrija wake katika chungu kimoja, la sivyo ugomvi unamfuata marehemu alikokwenda, na chungu hicho hakiondolewi mlangoni kwa marehemu. Prosperi anataka kunywa, tena analia akisema anataka, lakini havuki. Juzi akasema, "Basi nitengenezeeni mrija mrefu." Ange akaunga vikonyo vya majani ya mipapai kutoka mlangoni hadi mpakani tukajaribu, pombe yote ikavujia njiani, Prosperi akabaki anavuta upepo.

Ndipo nikaiandikia mahakama. Niliwasalimu waheshimiwa, nikauliza hali za nyumbani kwao, nikaomba watupe Jumamosi moja tu. Msajili akajibu kwamba shauri limekwisha. Nikaona labda ni kwa sababu nilikwenda mikono mitupu, nikaandika tena na kumpa Abasi, kondakta wa basi, ndoo ndogo ya asali awapelekee. Ikarudi na basi lile lile. Nikamuuliza, "Hata hawakuonja?" Abasi akasema, "Mama, nusura mimi nionjeshwe rumande."

Naomba unisaidie kuandika ya tatu vizuri. Nadhani nilikosea kuwasalimia majaji wawili kwa majina na wa tatu nikamsahau.

Godeliva, Ulyankulu

Marahaba, Godeliva, na pole sana. Mume anayebishana hadi na redio akiondoka, nyumba inakuwa kimya kupita kiasi.

Ila sasa nisikilize. Asali kwa majaji! Mshukuru aliyeirudisha, maana wangeipokea ungekuwa na kesi nyingine, na hiyo asingekuwepo Viktori wa kuishinda. Mahakama si mkwe, haiendewi na zawadi, wala haikukasirika kwa ajili ya salamu. Imetoa hukumu ya mwisho, imefunga jalada, imeondoka.

Tena soma ulichoniandikia mwenyewe: bila idhini ya mwenye eneo. Unaishi hapo, unalima hapo, umemzika mumeo hapo. Unadhani mwenye eneo ni nani, kondakta? Nimemuuliza wakili mmoja hapa Gongoni, akacheka mpaka akavua miwani, kisha akasema mjane kumkaribisha mgeni nyumbani kwake hakuhitaji jaji. Na huyo Prosperi mwambie: atakayemshtaki ni nani, kama si wewe? Mzee mzima anaogopa kufungwa kwa kualikwa!

Lakini nadhani haya mnayajua. Siku utakayosema "mwenye eneo ni mimi," Viktori atakuwa ameondoka kweli. Na siku Prosperi atakapovuka, atakuwa hana tena wa kumkataza. Ndiyo maana wewe unaandika na yeye anaogopa. Hilo, mwanangu, hakuna jaji atakayewaamulia.

Fanya hivi. Jumamosi mwite mwenyekiti wa kitongoji na katekista wenu wawe mashahidi. Simama kwenye migomba, mwite Prosperi kwa jina, mwambie, "Karibu, mimi nakuruhusu." Akisita, mshike mkono umvute, wewe ni mkulima, nguvu unazo. Mkishakunywa, lieni wote wawili, na asiwepo wa kuwanyamazisha. Baada ya hapo ukoo ukae kikao, uende mahakama ya mwanzo ukateuliwe msimamizi wa mirathi, ili watoto wa Prosperi wasije wakaanza upya na Ange. Huko jibu unachoulizwa tu. Habari za nyumbani kwao usiziulize.

Na ile ya rufani usiiandikie tena, hata kuishukuru.