Kanga ya Tatu ya Bi Mwanahamisi

Jumatatu, 4 Agosti
Tanzia. Kwa masikitiko makubwa natangaza vifo vya betri nne za mashine ya presha, vilivyotokea leo saa mbili asubuhi, nyumbani kwangu, Bagamoyo, baada ya utumishi wa siku tano. Marehemu wameacha mjane mmoja, ambaye ni mimi. Nilikuwa nimepima mara kumi na tisa tangu alfajiri. Mapigo: 88, 131, 104, 140. Hayafuatani hata kidogo. Nimekwenda kununua nyingine huku nimejishika mkono, nahesabu. Muuza duka akadhani natazama saa, akaniambia ni tatu kasorobo.

Jumanne, 5 Agosti
Hospitali, na mwanangu Rukia. Daktari kijana. Shikamoo mama, kisha habari yenyewe. Chumba cha juu cha moyo wangu hakipigi, kinatetemeka. Damu ikituama mle huganda, na donge likipanda kichwani ni kiharusi. Hapo hakuhitaji kuendelea. Dada yangu Zena yuko Kaole mwaka wa tatu, upande wa kulia umekufa, analishwa uji na mkwewe.

Njia tatu. Vidonge viwili maisha yote, kimoja cha kupunguza mbio, kimoja cha kuzuia damu isigande. Au kulazwa usingizi Dar, nipigwe shoti ya umeme. Au waya upitishwe mshipa wa paja mpaka moyoni, uchome panapoleta fujo. Nikasema nataka umeme, hicho cha damu akae nacho. Akatabasamu. Hata umeme unatanguliwa na kidonge hicho, wiki kadhaa. Hata waya.

Milango mitatu, ukumbi mmoja.

Akasema pia wasiwasi wangu ni ugonjwa na una tiba, kuna mshauri chumba cha pili. Nikajifanya sikusikia. Cha mbio nimekunywa. Cha damu kipo kabatini, nyuma ya vikombe vya hijama.

Alhamisi, 7 Agosti
Rukia anauliza kama nakunywa vyote. Nakunywa, nasema. Namdanganya mwanangu kwa sababu ya punje ya rangi ya waridi.

Naandika hapa kwa kuwa sijamwambia mtu. Nimewaumika wanawake wa mtaa huu, kuwatoa damu kwa vikombe, miaka ishirini na sita. Sikusomea. Nilimtazama mama mkwe, nikasoma vitabu viwili, nikakunja uso wa mtu anayejua. Miaka minne iliyopita nilimwekea Bi Mwanahamisi, jirani wa nyumba ya tatu, vikombe sita. Nikamchanja. Damu haikukata. Toka adhuhuri mpaka magharibi. Kanga zake tatu zikalowa. Nikamwambia hiyo ni damu chafu, ashukuru inatoka. Ndipo akasema, kama mtu anayeomba maji, labda ni vile vidonge vyake vya moyo. Sikuwa nimemuuliza.

Boksi lilikuwa mkobani mwake. Ndilo lile lile nililo nalo kabatini.

Nikinywa, navuja. Nisipokunywa, Kaole.

Ijumaa, 8 Agosti
Nanenane. Wengine wamepumzika. Moyo ukikimbia naogopa, nikiogopa unakimbia. Silalii ubavu wa kushoto. Naoga mlango wazi. Nimepima mara kumi na nne.

Jumapili, 10 Agosti
Kwa Zena. Aliyekuwa akinitania mpaka wapita njia wanasimama kusikiliza, leo ana neno moja: basi. Basi ya njaa, basi ya kuniona. Nilipoaga alinishika kwa mkono mzima, akasema basi, basi, basi. Sikujua ni ipi. Nimerudi na alama za kucha zake mkononi.

Jumanne, 12 Agosti
Kumi na saba ya mwezi mwandamo, siku ya hijama. Wa kwanza kubisha hodi, Bi Mwanahamisi. Miaka minne namkwepa mpaka sokoni.

"Shoga, niwekee vikombe. Mgongo umenikaza."

Nikamuuliza kama bado anakunywa vile vidonge.

"Kila siku. Kwani umekuwa daktari?"

Nikasema simchanji. Kisha yakatoka yote: kanga, kabati, Zena. Nililia. Aibu tupu. Akaningoja nimalize.

"Ulinichanja mahali sitini kwa wembe," akasema. "Ulitaka nitoke maziwa?"

Nikasema nilidhani namuua.

"Mimi nilidhani unanikimbia kwa sababu ya kanga. Ulirudisha mbili. Ya tatu iko wapi?"

Ya tatu doa lilikataa kutoka. Niliificha. Nimeitoa. Akaitazama, akanirudishia. Doa lako hilo, akasema, kaa nalo.

Jumatano, 13 Agosti
Nimemwambia Rukia. Akanuna, kisha akaita bajaji. Daktari hakufoka. Nisiumikwe, niseme kabla ya kung'olewa jino, damu ikikataa kukata niende mbio. Umeme na waya tutazungumza baadaye. Nikaingia chumba cha pili kwa miguu yangu. Mshauri kanifundisha kupumua, kazi niliyodhani naijua. Mashine anakaa nayo Rukia. Mara mbili kwa siku.

Saa moja jioni nimekimeza cha damu. Nikakaa kitako kungoja.

Jumamosi, 16 Agosti
Mvua kidogo. Nimemenya muhogo, kisu kikateleza, nikajikata kidole gumba. Nikakibana kwa kanga ya Bi Mwanahamisi. Damu imekata kabla maji hayajachemka.