Kiti cha Dirishani, Behewa la Kwanza

Jumatatu, 29 Septemba 2014

Tiketi zimekuja na posta ya asubuhi. Mbili! Juu ya bahasha wameandika Bwana na Bibi N. Tattersall. Bwana mwenyewe aliondoka hapa mwezi wa tano na sanduku la nguo, redio ya jikoni, na Yvonne. Kampuni ya safari haina habari. Sikuwaambia. Ningeanzia wapi?

Behewa la kwanza, nyuma tu ya kichwa cha treni. Meza ya dirishani, viti viwili vinavyotazamana. Preston hadi Carlisle kupitia mlima wa Shap, na kurudi kwa njia ya Settle. Anayevuta ni Lord Thornley, kichwa cha mvuke cha zamani! Miaka yote hii yuko karakana amefumuliwa vipande vipande, sasa ndiyo wamemruhusu tena kwenye njia kuu. Tiketi tulizikata Januari, tukiwa bado mume na mke — au mimi nilikuwa bado mke. Yeye sijui alikuwa nani.

Nitakwenda. Tiketi yake nimemtumia kwa posta, bila neno. Asije akasema nimemnyima.

Jumatano, 1 Oktoba

Neville amepiga simu nikiwa mezani. Sauti laini, ile ya kuombea kitu. Avril, hujambo? Mguu unaendeleaje? Mguu! Mguu ulipona Juni. Nikamwambia sema shida yako, chakula kinapoa.

Basi akasema. Yvonne hajawahi kupanda treni ya mvuke kwenye njia kuu. Angependa sana. Tiketi zimekwisha. Na mimi, tuseme ukweli, nilikuwa namsindikiza yeye tu siku zote, sivyo? Kwa hiyo kama sitajali —

Nilikata simu. Viazi sikuvimaliza.

Namsindikiza! Nani alimsindikiza nani? Tulipokuwa wachumba ni mimi niliyempeleka Carnforth kutazama treni za mvuke, mara yake ya kwanza, akalalamika kutwa kwamba masizi yameharibu shati lake jeupe. Mimi ndiye baba alikuwa akinikalisha juu ya ukuta wa daraja, mtoto wa miaka minne, amenishika kiuno, treni inapita chini yetu na moshi unatumeza wote wawili. Tukirudi mama anagomba: huyu mtoto mbona ananuka kama jiko? Mwaka wa sitini na nane walipoziondoa treni za mvuke za mwisho nililia mpaka macho yakavimba. Baba akajifanya ana mafua.

Lakini Neville ana kamera kubwa. Neville ana sauti. Neville anajua namba za vichwa vyote na huzitaja bila kuulizwa. Mimi ni mshika chupa ya chai. Basi mpenzi wa treni akawa yeye, na mimi nikawa mke wa mpenzi wa treni. Sasa hata hilo sina.

Ijumaa, 10 Oktoba

Alwyn Burrows amekuja. Ni mwenyekiti wa chama chetu cha treni, na ndiye anayewapanga wanachama kwenye mabehewa. Alisimama mlangoni na chupa ya jamu, mkewe ameipika. Nikajua hapo hapo. Mtu haleti jamu bure.

Alizunguka sana. Hali ya hewa. Goti lake. Mwishowe akasema Neville na Yvonne wamepata nafasi, kuna watu wawili wameghairi safari. Behewa la pili. Nikasema hongera zao. Akasema sasa, bibie, kwa ajili ya amani, kuna kiti kizuri sana behewa la mwisho, karibu na wauza chai, je, nisingependa…

"Kwa nini nihame mimi?"

"Avril, hakuna anayekufukuza. Ila Neville ni mwenzetu wa siku nyingi, unajua. Hatupendi aone vibaya."

"Na mimi ni mwenzenu wa lini?"

Akacheka kidogo. "Na wewe pia, bibie! Nani atasahau sandwichi zako za mayai?"

Sandwichi. Karibu miaka arobaini, na wanachokumbuka ni mayai.

Behewa la mwisho! Nyuma yake wanafunga kichwa cha dizeli, cha kusukuma ikitokea shida. Husikii kitu huko ila kelele za dizeli. Ni sawa na kualikwa harusini halafu ukakalishwa stoo. Nikamwambia kiti changu ni kile kilichoandikwa kwenye tiketi yangu. Akasema sawa, sawa, alikuwa anauliza tu. Jamu akaiacha. Ni ya rubabi, yale mabua machachu. Siipendi rubabi.

Jumanne, 14 Oktoba

Lindsay amepiga. Baba yake kamweleza — upande wake tu, bila shaka. Binti yangu ana huruma lakini hana subira. Mama, kwa nini ujitese? Siku nzima unawatazama wale wawili? Nenda Uhispania upate jua. Ni treni tu, Mama.

Nilitaka kumweleza. Kwamba siendi kwa ajili ya baba yake, wala kumkomoa baba yake. Kwamba kuna kitu kinanipanda kuanzia nyayo mpaka kooni pale kichwa cha treni kinapoinamia mlima na behewa zima linaanza kutikisika kwa pumzi yake, na kwamba hakuna kingine duniani kilichowahi kunifanyia hivyo, hata baba yake. Lakini mtu humwambii mwanawe mambo hayo.

Nikasema nitavaa koti zito.

Alhamisi, 16 Oktoba

Mvua. Majani yameanguka kila mahali, mabichi, yanateleza. Kwenye reli itakuwaje?

Nimechemsha mayai. Manne! Mkono umejichemshia wenyewe. Mawili nimempa paka wa jirani.

Jumamosi, 18 Oktoba

Preston, kwenye jukwaa. Naandika nimeegemea nguzo. Watu wamejaa, kamera shingoni. Mvua nyembamba. Wanachama wananisalimia kama wanavyosalimia mtu aliyefiwa — wananishika mkono muda mrefu, macho pembeni. Mmoja amesema wewe ni jasiri. Jasiri wa nini? Nimekuja kupanda treni.

Wapo. Neville amenyoa ndevu! Anaonekana kama mtoto aliyepigwa picha ya shule. Yvonne kavaa suruali nyeupe. Nyeupe! Nimefurahi kidogo. Mungu anisamehe, nimefurahi sana.

Lord Thornley anaingia —

Baadaye, tumepita Shap.

Sijui hata kama nitausoma mwandiko huu.

Tangu Carnforth nilisimama mlangoni mwa behewa, kwenye lile dirisha linaloshushwa kidogo. Kuna vyuma, kichwa hutoi, lakini pua inatosha. Watu wa behewa letu tunapokezana. Kijana mmoja wa Wigan akaniambia, kaa tu mama, mlima huu ni wako, mimi nitachukua wa kurudi. Hanijui. Ndiyo maana alikuwa mwema.

Tebay tulipita kwa kasi mpaka meno yakagongana. Halafu mlima ukamshika. Sauti ikaanza kuachana: pumzi, pumzi, pumzi — kila moja peke yake, nzito, kama mtu anayepasua gogo kubwa na hataki kupumzika. Moshi ukaangukia upande wetu. Cheche. Harufu ile! Makaa na mafuta ya moto na chuma kilicholowa. Punje ya makaa ikaniingia jichoni, nikaiacha. Kondoo wanakimbia. Barabarani magari yamewasha taa, watu wanapunga mikono kama wendawazimu. Akapunguza mwendo, akapunguza, nikasema anakufa, hatafika — hakufa! Alivuta kama mwenye hasira. Nilikuwa napiga kelele. Mimi, mwanamke wa miaka sitini na moja, napiga kelele peke yangu mlangoni, na hakuna aliyeniambia nishike kitu chochote.

Pale juu akapiga honi ndefu. Nikalia. Haikuwa huzuni. Sasa hivi ndiyo huzuni, nikiwa nimekaa na kiti kitupu mbele yangu.

Carlisle.

Heri ningekaa ndani tu. Nilishuka kumtazama Lord Thornley akinywa maji, na Neville alikuwa pale, watu wamemzunguka, anaeleza. Yvonne ana leso mdomoni. Suruali imepata doa gotini. Nikasikia Neville anamwambia: "Wakati wa kurudi usimtazame. Fumba macho umsikilize. Ukimtazama unakosa nusu yake."

Hayo ni maneno ya baba. Ya baba yangu! Nilimpa Neville maneno yale usiku tuliochumbiana, nikiwa na haya, kama mtu anayetoa kitu cha ndani kabisa cha nyumba yao. Na yeye anayagawa jukwaani kama karanga.

Yvonne akasema kwake yeye treni zote zinasikika sawa, je, vyoo viko wapi?

Alwyn aliniona nimesimama. Akaja mbio. Kila kitu sawa, bibie? Hapajatokea maneno? Nikamwambia hapajatokea maneno, Alwyn, mimi huwa nasikiliza tu. Hakuelewa. Akasema vizuri, vizuri.

Sikula sandwichi. Nimempa yule kijana wa Wigan.

Baadaye. Tumesimama.

Si stesheni. Tuko bondeni, Mallerstang, hatujafika kilele cha Ais Gill. Mvua inapiga kioo, nje ni kijivu na ukuta wa mawe na kondoo mmoja anayetutazama. Kuanzia Kirkby Stephen alikuwa anateleza — magurudumu yanazunguka ghafla, prrrrr, kama anayeteleza kwenye ngazi, kisha anashika, kisha anateleza tena. Majani. Kila akiteleza behewa zima linabana pumzi. Halafu akazidi kupungua. Halafu kimya.

Msimamizi kapita. Anasema dereva atajaribu mwenyewe mara moja, akishindwa dizeli itasukuma. Watu wote wamenyamaza kama kanisani. Kusukumwa na dizeli! Hakuna anayetaka kusema ameipanda safari hiyo.

Na katika kimya hicho Neville akaja akakaa mbele yangu. Kwenye kiti chake. Hakuomba. Uso umelowa, macho yanang'aa, nilimwona kama alivyokuwa ana miaka ishirini na tano.

"Umemsikia, Avril? Umesikia alivyoshika pale kwenye daraja?"

"Nimesikia."

"Mara mbili! Alishika mara mbili! Nilidhani amekwisha."

"Dereva alifunga mvuke mapema," nikasema. "Ndiyo maana akashika."

"Ndiyo! Ndiyo hivyo hivyo!" Akapiga meza. Kisha akashusha sauti. "Yvonne amesinzia. Nimemwambia kasema mm. Nilikuwa sina hata mtu wa kumwambia."

Nilingoja. Nilidhani kuna neno linafuata. Miezi mitano na ushee nalingojea neno hilo, na hata sijui ni lipi. Alikuwa anatazama mlangoni.

Ndipo honi ikalia, fupi. Dereva yuko tayari. Nilisimama — naapa nilisimama wa kwanza. Kijana wa Wigan alikuwa ananipungia mkono, njoo mama, njoo, kuna nafasi. Neville naye akasimama. Akavua koti lake, jipya, la sufu, rangi ya maziwa, nadhani amenunuliwa na Yvonne, hataki lipate masizi — akaniwekea mikononi. Hakunitazama. Kama mtu anavyotundika kitu kwenye msumari uliopo siku zote ukutani. Akapita. Nafasi ikawa yake.

Nami nikakaa.

Nikakaa! Hakuna aliyenisukuma. Nilipokea koti, nikalikunja bitana nje lisichafuke, nikaliweka magotini, nikakaa. Ndipo nilipoona nilichofanya. Nimechukua kalamu kwa sababu vinginevyo ningepiga yowe.

Linanuka sabuni nisiyoijua.

Huko mbele mvuke unapiga mluzi. Bado hatujasogea. Ningeweza kulitupa chini ya meza. Ningeweza kwenda sasa hivi, kumgonga begani, kumwambia toka, hapo ni pangu, behewa hili ni langu, hata tiketi inasema. Kwa nini siendi?

Yvonne ameamka. Anakuja, anashikilia migongo ya viti. Amesimama kando ya meza yangu. Sitainua kichwa. Nitaendelea kuandika.

Anasema, taratibu, si kwa ubaya: "Nipe, Avril. Nitalishika mimi."

Pumzi ya kwanza. Nzito, nimeisikia tumboni. Meza inatetemeka, herufi zinanirukaruka. Ya pili. Hajateleza. Ya tatu — kondoo anasogea dirishani, sisi ndio tunasogea, anavuta, anavuta mwenyewe! Watu wanapiga makofi. Nasikia sauti ya Neville mlangoni, anamwita mtu aje asikie, hataji jina.

"Avril," anasema Yvonne tena.

Mkono wangu wa kushoto umekamata kola ya koti. Nauambia uachie —